Damu ya Namba Nne

Lameck alimpiga mkewe mbele ya dirisha la maabara, Jumatatu saa nne asubuhi, uwanja ukiwa umejaa akina mama wa kliniki ya watoto. Hakumpiga kofi. Alimpiga ngumi, na ngumi ya kwanza aliipeleka kwenye titi la kushoto, lile lenye uvimbe, kama mtu aliyeelekezwa. Atupele akakaa chini. Lameck akampiga teke pale pale, kisha akamshika kanga shingoni na kuanza kumburuta.

"Umeniletea kifo nyumbani! Malaya wewe! Simama!"

Hakuweza kusimama. Alimburuta hadi getini, na mlinzi akafungua geti. Baadaye nilimuuliza mlinzi kwa nini alifungua.

"Mama Jubilate," akasema, "si mkewe?"

Nilikuwa nimesimama dirishani na koti langu jeupe. Majibu yaliyompiga Atupele niliyaandika mimi, kwa mkono wangu, Jumamosi.

Mwaka huo, 1993, hospitali yetu ya misheni haikuwa na daktari wake wa upasuaji. Daktari Ridhwani alikuja kutoka Mbeya mara moja kila miezi mitatu. Alifika Jumatano jioni, akapasua Alhamisi, akaondoka Ijumaa. Waliomngoja wengi walikuwa wagonjwa wa saratani: titi, taya, mguu. Kila anayengoja upasuaji wa kupangwa ilikuwa lazima apimwe damu kwanza, virusi vya ukimwi na virusi vya ini. Akikutwa navyo, jina linafutwa kwenye orodha. Hiyo ilikuwa kanuni ya kamati ya hospitali. Aliyeletwa anavuja damu kwa ajali hakupimwa na mtu, alipitishwa moja kwa moja. Aliyekuja na saratani yake kwa miguu ndiye aliyepimwa.

Tulikuwa na desturi nyingine, mbaya kuliko kanuni. Majibu ya mke aliambiwa mume kwanza. Daktari Ambrose, mganga mkuu wetu, alimwita Lameck ofisini asubuhi ile, akafunga mlango, akamwambia. Dakika tano baadaye Lameck alitoka na ngumi zake.

Atupele alikuwa na miaka ishirini na tisa na watoto watatu, ameolewa kijiji cha Ngana. Kipande cha uvimbe wake kilikuwa kimekwenda Mbeya na majibu yalirudi: saratani. Ulikuwa na ukubwa wa limau, na ulikuwa bado unasogea chini ya vidole. Hapo ndipo palipokuwa na uhai wake. Uvimbe ukishashika mbavu, Daktari Ridhwani hapasui, anakuandikia vidonge vya maumivu na kukurudisha kwenu. Kama Alhamisi hiyo ingempita, ya kufuata ilikuwa baada ya miezi mitatu, na limau lile lisingesubiri miezi mitatu.

Bi Tausi alikuja dirishani na kikombe changu cha chai. Aliuza chai na vitumbua karibu na geti. Marehemu mumewe alimtoa Pangani akamleta Kyela kufuata biashara ya mchele, mume akafa, yeye akabaki.

"Umeona alivyofanywa yule binti?" nikamwambia.

"Nimeona. Na Ijumaa nilimwona akiruka. Leo hata kutambaa hawezi."

"Akiruka wapi?"

"Hapo hapo kwako, mwanangu! Ukuta wa baraza. Kajigubika kanga kichwa kizima, karuka kama mbuzi kaona chui. Nikamwambia, we mwanamke, sindano ndiyo inakukimbiza hivyo? Ananiambia, baba mkwe yumo. Nyie Wanyakyusa mna mambo! Mzee wa watu anachechemea na fimbo, mguu unanuka, mkamwana anaruka ukuta. Kwetu mkwe unampikia uji."

"Kwetu unamkimbia," nikasema, na kuweka kikombe chini.

Nikakumbuka Ijumaa. Watu watano kwenye benchi, na kila mmoja anapewa kipande cha manila chenye namba. Kwa ajili ya siri, kwenye chupa za damu tuliandika namba tu. Majina yalikuwa kwenye orodha, na orodha alikuwa nayo Daktari. Atupele alikuwa namba nne. Namba tano alikuwa Mzee Asajile, baba mkwe wake, mwenye kidonda cha miaka kumi mguuni kilichogeuka saratani. Wote wawili walikuwa wa ukoo mmoja na orodha moja, na hakuna aliyefikiri kuwatenganisha siku. Mzee alichelewa. Alipoingia barazani, Atupele alijifunika uso, akainama, akatoka upande wa pili. Kipande chake cha manila kilibaki kwenye benchi.

Nilimwona. Lazima niliseme hili wazi. Nilimwona akijifunika na kutoka, na sikushangaa hata kidogo. Tangu nazaliwa nimewaona wanawake wakiingia migombani ili wasikutane na baba mkwe njiani. Mama yangu alifanya hivyo hadi siku mkwewe alipozikwa. Mtu wa Tanga au Moshi angeshangaa, angeuliza, angegundua nafasi imebaki wazi. Mimi niliona jambo la kawaida, kama kuona mtu akivua viatu mlangoni.

Mzee aliketi pale pale palipoachwa wazi na kuokota namba iliyokuwa pale. Nikaita nne, akanyoosha mkono. Nilikuwa naangalia mshipa. Wote walipoisha, Atupele akarudi taratibu kutoka nyuma ya jiko la hospitali. Mezani palikuwa na namba moja tu, tano. Nikampa.

Nilifunga mlango wa maabara na kutoa chupa zile kwenye jokofu la mafuta ya taa. Kundi la damu ni kazi ya dakika mbili: tone la dawa ya bluu, tone la dawa ya njano, unatikisa kigae. Damu ya namba nne iliganda kwenye njano. Kundi B. Damu ya namba tano haikuganda popote. Kundi O. Kadi ya kliniki ya Atupele ilikuwa kwenye kabati la wazazi, mimba tatu, na juu yake, kwa wino mwekundu: O.

Nilimpelekea Daktari Ambrose vigae vyote viwili vikiwa bado vimelowa.

"Una hakika?"

"Kundi la damu halibadiliki, Daktari. Aliyepigwa pale nje amepigwa kwa damu ya mtu mwingine."

"Ya nani?"

"Namba tano ni nani kwenye orodha yako?"

Aliitazama orodha muda mrefu kuliko majina matano yanavyohitaji. Mzee Asajile alikuwa mtu mkubwa. Biashara ya mchele ilipofunguliwa yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kununua mashine ya kukoboa upande wa Ngana, akapakia malori, akajenga, akaoa mke wa tatu kutoka mpakani Kasumulu. Mke yule alikufa mwaka uliopita, wakasema kifua. Mabati ya wodi ya wanaume alitoa yeye, na alikuwa amelala chini ya mabati yake tangu Jumapili.

"Simwambii mtu neno hadi nipate damu mpya ya wote wawili," Daktari akasema. "Vipimo umebaki navyo vingapi?"

"Viwili."

"Basi usikosee tena."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo, ingawa aliyemwita Lameck ofisini hakuwa mimi.

Kesho yake asubuhi nilipanda nyuma ya pikipiki ya chanjo, ikiendeshwa na Aliko, dereva wetu. Mvua ilikuwa imenyesha, na barabara ya Ngana ilikuwa uji. Aliko alikuwa na kofia ya chuma kichwani, mimi nilikuwa na sanduku la sindano mapajani.

"Mama Jubilate, wakitufukuza?"

"Tunakimbia. Lakini baada ya kutoa damu."

Mji wa Lameck ulikuwa katikati ya migomba na mikakao. Hatukuhitaji kuuliza ni upi. Jiko la mianzi la Atupele lilikuwa limebomolewa na kulazwa chini. Sufuria zake zilikuwa zimepasuliwa kwa shoka, moja baada ya nyingine, na nguo zake zilikuwa majivu yenye vishikizo. Mama mkwe wake, bibi mwembamba, alikuwa ameketi kizingitini.

"Ugonile, mama," nikamsalimu.

Hakuitika salamu. Alinyanyua kidevu tu kuelekea zizi la ndama.

Atupele alikuwa humo, juu ya samadi, amelalia ubavu wa kulia ili titi lisiguse kitu. Kifundo cha mkono wa kulia kilikuwa kimevunjika, mfupa umekaa vibaya chini ya ngozi. Sikio moja lilikuwa limechanika chini, hereni ilipong'olewa. Jicho la kushoto lilikuwa limefumba.

"Mama Jubilate," akasema, "ninao huo ugonjwa?"

"Sijui. Nimekuja kujua."

"Mmeshasema ninao."

"Tulikosea namba. Nyoosha mkono huu mzima."

Akaunyoosha. Nilikuwa nimeshavuta damu nusu ya sindano pale mwanga wa mlangoni ulipozibwa. Lameck alikuwa ameshika panga, na nyuma yake nilisikia Aliko akiita jina langu.

"Toka kwenye zizi langu."

"Namalizia."

"Nimesema toka! Mmeniambia ninyi wenyewe ana mdudu, sasa mnamfuata wa nini? Mnataka kumnyonya yote?"

Nilichomoa sindano. Nilichofikiria wakati ule ni chupa tu: niliimimina damu, nikaiziba, nikaitia kifuani ndani ya gauni. Panga likaniangukia begani. Alinipiga kwa ubapa, nashukuru Mungu, lakini mkono wote ulikufa ganzi na nikaanguka juu ya miguu ya Atupele, naye akalia kwa mara ya kwanza. Lameck aliinua panga tena, na safari hii liligeuka upande wa makali.

Aliko alimpiga kwa kofia ya chuma, mdomoni. Jino likaruka. Akampiga tena, sikioni, panga likadondoka, na Aliko akalitupa juu ya paa la nyumba. Walikamatana wakagaragara kwenye matope na samadi, Lameck akimng'ata Aliko mkono, Aliko akimgonga uso ardhini. Mimi nilimwinua Atupele kwa mkono mmoja. Yule bibi wa kizingitini akaja, akamshika upande wa pili, na tukampakia kwenye pikipiki. Ndama wawili walikuwa wametoka zizini na wanakula majani ya mahindi.

Aliko alikuja mbio, akawasha. Atupele katikati, mimi nyuma.

"Mpelekeni!" Lameck alipiga kelele akiwa amepiga magoti, damu inamtiririka kidevuni. "Mkimrudisha nitamkata vipande viwili! Kimoja mtazika ninyi, kimoja nitazika mimi!"

Saa sita nilipima. Damu ya Atupele ilikuwa safi, virusi vya ukimwi hakuna, vya ini hakuna. Damu mpya ya Mzee Asajile, niliyoitoa mwenyewe kitandani kwake nikimtaja jina huku nikichoma, ilikuwa na ukimwi.

Jumatano asubuhi Daktari Ambrose alimwambia mzee. Nilikuwepo, kwa sababu alitaka shahidi. Mzee alisikiliza akiwa ameketi, mguu wake juu ya mto, nzi wakipigana juu ya bandeji.

"Huo ni ugonjwa wa vijana," akasema.

"Mzee, tumepima mara mbili."

"Nani mwingine anajua?"

"Sisi wawili."

Akanigeukia. "Wewe binti, babako namjua. Neno hili likitoka mdomoni mwako, mikono yako itakauka. Nimesema."

Watu hapa wanaogopa laana ya mzee kuliko polisi, nami si tofauti na watu. Niliweka mikono mifukoni.

"Na mkamwana wako?" nikamuuliza. "Amevunjwa mkono kwa ajili ya damu yako."

"Mkono utaunga," akasema, na kulala chali.

Jioni Daktari Ridhwani akaja. Alikuwa mfupi, mwenye haraka, na alikula akiwa amesimama. Daktari Ambrose alimweleza yote. Akasema mzee afutwe kwenye orodha, ndiyo kanuni ya kamati.

"Kamati ije imwoshe kile kidonda basi," Ridhwani akasema. "Kipimo kinaniambia nivae glavu mbili na nimweke mwisho. Hakiniambii nimwache aoze. Yule wa titi wa kwanza, saa mbili na nusu. Ridhaa imesainiwa?"

Haikuwa imesainiwa. Kwa mke, fomu ilitaka sahihi ya mume. Wazazi wa Atupele walikuwa Talatala, lakini fomu haikuwataja. Daktari Ambrose alituma ujumbe Ngana kwamba majibu yalikuwa na makosa na Lameck aje asaini. Niliona ni ujinga kumwita. Nilisema. Akasema sheria ni sheria.

Lameck alikuja Alhamisi saa mbili kasoro, amevimba mdomo, bila panga. Tulisimama naye nje ya maabara, mimi na Daktari Ambrose. Daktari alimweleza kwa sauti ya chini kwamba mkewe hana virusi, damu zilichanganywa.

"Zilichanganywa na ya nani?"

"Hilo siruhusiwi kusema."

"Mlisema ya mke wangu mkaniambia mie. Hii isiyosemwa ni ya nani? Ya mtoto wa askofu?" Alicheka, na pengo la jino likaonekana. "Damu isiyo na mwenyewe ni yake. Anawadanganya, nanyi mnadanganyika. Hapasuliwi mtu. Maiti haipasuliwi titi."

"Lameck, saini," nikasema. "Uvimbe hautangoja hasira zako."

Akapiga dirisha la maabara kwa ngumi zote mbili. Vioo vilimwagika ndani, juu ya meza, juu ya chupa, juu ya hadubini. Akaingiza mikono na kuisukuma hadubini chini. Alipoitoa mikono, ilikuwa imechanika kuanzia vidoleni hadi viganjani, damu inadondoka kwenye saruji, na sidhani hata alihisi. Kisha akakimbilia wodi ya wanawake.

Atupele alikuwa tayari juu ya kitanda cha magurudumu, amevaa gauni la upasuaji, mkono wa kulia ndani ya plasta nyeupe mpya. Lameck alimshika plasta ile ile na kumvuta chini. Atupele alianguka kwa goti. Wanawake wa wodini walipiga mayowe, mmoja akamrushia Lameck bakuli la uji wa moto mgongoni, mwingine akamgonga kwa kigoda. Hakuacha. Alikuwa akimburuta kuelekea mlangoni, na sakafu ilikuwa ikichorwa damu ya mikono yake. Mimi nilimshika shati, likachanika, nikabaki nalo.

Wodi ya wanaume ilikuwa ng'ambo ya ujia. Mzee Asajile alitokea mlangoni na fimbo yake.

Baba mkwe hasimami mbele ya mkamwana. Hata mama wa uji alijifunika uso, naye hakuwa ndugu yake. Atupele peke yake hakujifunika. Mkono mmoja ulikuwa umeshikwa na mumewe, mwingine ulikuwa umeshika mguu wa kitanda.

"Nini kelele hizi?" mzee akauliza. "Lameck, mtoe huyo, nenda naye."

Atupele aliinua uso. Miaka tisa alikuwa hajamtazama mtu yule. Alimtazama.

"Lameck," akasema, "niachie nikuulize neno. Siku ya damu niliacha namba yangu kwenye benchi nikaruka ukuta. Nilikuwa namkimbia nani?"

Lameck aliacha kuvuta. Alikuwa mtoto wa mji ule, alijua mke wake anamkimbia mtu mmoja tu duniani. Akageuza kichwa polepole, akamtazama babake.

Mzee akainua fimbo na kumpiga Atupele kichwani. Nilisikia mlio. Akaiinua tena, kwa mikono miwili, na ili kuipa nguvu akaegemea mguu mbovu. Mfupa ulikatika palepale kwenye kidonda, kama bua la muhindi linavyovunjwa. Alianguka kifudifudi na bandeji ikapasuka, na damu ikaruka juu, mara, na mara, na mara, kwa mapigo ya moyo wake.

"Tata!" Lameck alimwacha mkewe na kumrukia babake. Mikono yake iliyopasuka ilikuwa imekunjuliwa tayari kuziba pale damu inapotoka. Mwana yeyote angefanya hivyo.

Nilikuwa na muda wa pumzi moja. Nilikula kiapo chuoni kwamba siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa. Nilikuwa nimelaaniwa jana yake. Na aliyekuwa anaenda kujitia mauti mikononi ndiye aliyenipiga panga. Ningeweza kukawia. Mungu anajua kwamba niliona ningeweza.

"Usimguse!" nikapiga kelele. "Lameck, mikono yako! Damu ile ni yake! Ni ya babako!"

Mikono ikasimama hewani. Wodi nzima ilisikia, na wodi ya wanaume pia. Mzee aligeuza uso sakafuni.

"Mwanangu," akasema. "Nishike."

Lameck alimtazama babake, akatazama viganja vyake vilivyokuwa wazi kama samaki waliopasuliwa. Akarudi nyuma hatua moja. Akarudi nyingine. Mgongo wake ukagonga ukuta.

"Mkanda!" nikamwambia. "Vua mkanda, nitupie!"

Akanitupia. Nilivaa glavu za nesi aliyekuwa amesimama karibu, nikapiga magoti katika damu, nikamfunga mzee paja na kukaza hadi mapigo yale yakapungua, yakawa mchuruziko, yakakoma. Daktari Ridhwani alikuja mbio na kuona mara moja.

"Huyu sasa hana foleni," akasema. "Mpandisheni."

Wakampandisha kwenye kitanda cha magurudumu cha Atupele, kwa sababu ndicho kilichokuwepo, na kumpitisha.

Atupele akabaki sakafuni. Nilimshona kichwa mwenyewe, nyuzi nne, bila ganzi, kwa vile ganzi yote ilikuwa imeingia ndani. Hakunikataza. "Ndaga," akanishukuru nilipokata uzi. Kisha akajikokota hadi kwenye benchi la mlango wa upasuaji na kuketi, gauni lake limelowa damu za watu watatu.

"Rudi kitandani," nesi akamwambia. "Siku imeharibika. Daktari akitoka humo atakuwa amechoka, na dawa ya usingizi sijui kama imebaki."

"Nitakaa hapa."

Lameck naye alikaa, mwisho mwingine wa benchi. Nilimfunga mikono yote miwili, bandeji hadi vidole vikapotea. Hakunitazama usoni.

"Mama," akasema. "Ilinirukia. Nilipoinama, ilinirukia."

"Imekurukia wapi?"

"Hapa." Alionyesha kwa kidevu bandeji zake.

"Nimekuosha kwa spiriti."

"Inatosha?"

"Sijui. Damu haionyeshi siku hiyo hiyo. Utarudi kupimwa baada ya miezi mitatu."

"Miezi mitatu nitakuwa nani mimi?"

"Utakuwa mtu anayengoja majibu," nikasema. "Na majibu utaambiwa wewe mwenyewe. Hatutamwita mkeo kwanza."

Alilia kama mtoto mdogo, makamasi yakamshuka na hakuwa na vidole vya kujifutia. Atupele alikuwa umbali wa watu wanne kutoka kwake na hakusogea.

Sauti ya msumeno tuliisikia wote. Ilikoma saa tano. Saa sita na robo mlango ukafunguliwa na Daktari Ridhwani akatoka, aproni imekuwa nyekundu hadi shingoni, akaomba maji, akanywa jagi zima.

"Mzee yuko hai," akasema. "Mguu hauko. Wa titi yuko wapi?"

"Mimi hapa," Atupele akasema.

Alimwinamia pale pale kwenye benchi, akaingiza vidole chini ya gauni, akasukuma uvimbe huku na huku. Niliangalia uso wa daktari. Palikuwa na weusi wa ngumi juu ya titi lote.

"Bado unasogea," akasema. "Dawa ya usingizi ya mtu mmoja ninayo. Twende."

Nesi akamfuata na ubao wenye fomu. "Daktari, ridhaa haijasainiwa. Sahihi ya mume."

Lameck akasimama haraka. "Nitasaini. Nipe, nitasaini." Alinyoosha mikono yake miwili, mafurushi mawili meupe. Nesi alijaribu kuchomeka kalamu katikati ya bandeji. Ikaanguka. Akaiokota, akachomeka tena. Ikaanguka.

"Acha," Atupele akasema.

"Fomu inasema mume," nesi akasema, akikaribia kulia.

Daktari Ridhwani alikuwa ameshafika mlangoni. Akageuka.

"Titi ni la nani?"

Kwa kweli sidhani kama kuna mtu aliyewahi kuulizwa hivyo katika ujia ule. Nesi alinitazama mimi, mimi nikamtazama Daktari Ambrose, aliyekuwa amesimama mbali akishika orodha yake.

"Langu," Atupele akasema.

Akajisukuma kwa mkono wa kushoto, akasimama. Hakusubiri kidau cha wino. Alipitisha dole gumba kichwani pake, kwenye nyuzi zangu zilizokuwa bado zinavuja, akalikandamiza kwenye mstari wa mume, akaingia ndani kwa miguu yake.